Wazazi Darasa la Sita: namba tasa kati ya 200 na 225

Mama Nuru: Shikamoo Mwalimu, habari za jioni wazazi wote. Swali la 7: "Taja namba tasa zilizo kati ya 200 na 225." Nuru ameandika 203, 209, 211, 217, 221, 223. Anasema hakuna hata moja inayogawanyika kwa 2, 3 wala 5. Mbona naziona nyingi?

Mwl. Kassim: Marahaba Mama Nuru. Tasa hapo, yaani zinazogawanyika kwa 1 na zenyewe tu, ni mbili, 211 na 223. Kaanza vizuri ila kaacha njiani. Bado hajajaribu 7, 11 na 13.

203 = 7 × 29
209 = 11 × 19
217 = 7 × 31
221 = 13 × 17

Mwl. Kassim: Sasa tazama 211. 7 × 30 = 210, baki 1. 11 × 19 = 209, baki 2. 13 × 16 = 208, baki 3. Imegoma zote, basi ni tasa. Na 223 aifanye hivyo hivyo kwa mkono wake: baki zitakuwa 6, 3 na 2.

Mama Nuru: Na 17 je? 19? Tunajuaje kwamba tukifika 13 inatosha?

Mwl. Kassim: Vigawo huja viwili viwili. 15 × 15 = 225, na namba zake zote ziko chini ya hapo. Vigawo viwili vinavyozidishana kuipata namba hiyo haviwezi vyote kuwa 15 au zaidi, lazima kimoja kiwe chini ya 15. Ndiyo maana 17 ya 221 tuliipata bila kuitafuta, ilikuja na 13. Kwa hiyo jaribu namba tasa tu, na ukifika kwenye kipeuo cha pili cha namba yako (cha 225 ni 15), simama.

Baba Tumaini: Hapo hapo ndipo watoto wanapopotezea vigawo vya 72. Wanaandika 1, 2, 3, 4, 6, 8 kisha wanarukia 72. Waandike jozi:

1 × 72
2 × 36
3 × 24
4 × 18
6 × 12
8 × 9

Inayofuata ni 9 na 8, ambayo imeshaandikwa, basi funga. Vigawo 12.

Baba Tumaini: Uhakiki wake: 72 = 2 × 2 × 2 × 3 × 3. Ziko 2 tatu na 3 mbili. Ongeza moja kwa kila idadi, uzidishe: 4 × 3 = 12. Ukipata 11, kuna kimoja umekiruka. Kwa 36 idadi ni witiri, 9, kwa sababu 6 × 6 inaandikwa mara moja.

Dada Rehema: Kwa 7 kuna njia ya mkato. Chukua tarakimu ya mwisho, zidisha kwa 2, toa kwenye zilizobaki. 203: 20 − 6 = 14. 217: 21 − 14 = 7. Zote zinagawanyika. Kwa 11 jumlisha tarakimu ya kwanza na ya tatu, toa ya katikati: 209 ni 2 + 9 − 0 = 11. Ikitoka 0 au 11, inagawanyika. Kwa 13 agawanye tu, hakuna mkato wa maana.

Mama Salma: Na 1 mbona haimo kwenye tasa? Haigawanyiki kwa kitu kingine.

Mwl. Kassim: Namba tasa ina vigawo viwili kamili, 1 na yenyewe. 1 inacho kimoja tu. Tena tungeiruhusu, 12 ingevunjwa kwa njia zisizo na mwisho: 2 × 2 × 3, 1 × 2 × 2 × 3, 1 × 1 × 2 × 2 × 3...

Mama Nuru: Ahsanteni sana 🙏 Kafuta nne. Swali la 8, KDS (kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 12 na 18, kazidisha kapata 216.

Dada Rehema: 216 ni kigawe cha zote mbili, ila si kidogo kabisa. 12 na 18 zina KKS (kigawo kikubwa cha shirika, namba kubwa kabisa inayozigawanya zote mbili) ya 6, na akizidisha anaihesabu 6 hiyo mara mbili. Agawanye: 216 ÷ 6 = 36. Kisha ahakiki: 36 ÷ 12 = 3, 36 ÷ 18 = 2. 3 na 2 hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, basi 36 ndiyo yenyewe.