Mjadala: Fedha za Wikipedia zipambe ukurasa au zijaze makala?

Mkutubi wa Kale: Wapendwa, naomba tulizungumze jambo hili bila jazba. Shirika la Wikimedia Foundation, linalosimamia Wikipedia na kuendeshwa kwa michango ya wasomaji, lilitumia zaidi ya dola milioni 160 katika mwaka wa fedha wa 2022/23. Mwezi Januari 2023 Wikipedia ya Kiingereza ilivishwa sura mpya iitwayo Vector 2022, yenye mistari mifupi, nafasi nyeupe pembeni na orodha ya lugha iliyohamishiwa juu, kando ya kichwa cha makala. Wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili nao walipiga kura kwa kauli moja kutaka sura ya zamani irudishwe. Je, ni haki fedha za wachangiaji ziende kwenye mapambo, ilhali makala zetu nyingi bado ni mbegu za mistari miwili?

Fundi Mchundo: Ndugu Mkutubi, neno "mapambo" limenichoma, kwa sababu kuunda kurasa ndiyo kazi inayonilisha. Mstari ukiwa mrefu kupita kiasi, jicho hupotea njia linaporudi kuanza mstari unaofuata, na hilo halihusiani na urembo hata kidogo. Zamani aliyetaka kukoza neno moja alilazimika kuliwekea apostrofi tatu kila upande, na aliyetaka kiungo aliandika mabano mawili ya mraba. Programu ya kuhariri bila alama hizo ilipofunguliwa kwa Wikipedia ya Kiingereza mwezi Julai 2013, ilikuwa nzito na yenye hitilafu, wahariri wakachachamaa, na Septemba ikaacha kuwa chaguo la kawaida. Kosa lilikuwa haraka, si kuwekeza. Anayeng'ang'ania sura ya zamani, ile ya 2010, anafanana na mzee asiyetaka kuachana na godoro la sufi kwa kuwa mgongo wake umelizoea.

Bibi Mwandani: Mzee wa godoro la sufi ni mimi, mwanangu, na godoro hilo ndilo lililokulea wewe unayetufundisha kulala. Nimeandika mbegu nyingi kwa apostrofi zako tatu bila kumlilia mtu. Linalouma ni kuamuliwa. Mwezi Agosti 2014 shirika hilohilo liliuwekea ukurasa wa mipangilio wa Wikipedia ya Kijerumani kufuli ambalo hata wakabidhi, yaani wasimamizi waliochaguliwa na wenzao, hawakuweza kulifungua, yote kwa ajili ya namna mpya ya kuonyesha picha, na uwezo wa kuweka kufuli la aina hiyo haukuondolewa hadi Novemba 2015. Unapomjengea mtu jiko jipya, kwanza muulize mpishi anasimama upande gani.

Fundi Mchundo: Shikamoo, Bibi, na uniwie radhi kwa godoro. Hata hivyo, mwenye akaunti anaingia kwenye Mapendekezo, yaani mipangilio ya akaunti yake, na kurudia sura ya 2010 wakati wowote.

Bibi Mwandani: Marahaba. Na msomaji asiye na akaunti, ambaye ndiye wengi, aingie wapi?

Mwalimu wa Jioni: Samahani kwa kuingilia. Ninafundisha vijana 12 kwenye darasa la jioni, wote wakitumia simu. Juzi niliwaambia wafungue makala kuhusu mji wao na waongeze sentensi moja. Wakasoma, wakashuka hadi mwisho, wakapanda tena. Binti mmoja, anayejifunza ushonaji mchana, akakionyesha kitufe cha kubadilishia makala, akauliza kwa unyenyekevu: "Mwalimu, hii Hariri ni ile ya kitambaa?" Hakuna aliyecheka, kwa sababu wenzake nao walikuwa wakisubiri jibu.

Bibi Mwandani: Mwalimu, kila gazeti lina mhariri, na sijasikia mtu akidhani anauza vitambaa. Tusilaumu neno kwa sababu ya msamiati mfupi wa wanafunzi.

Mwalimu wa Jioni: Kwa heshima zote, Bibi, binti huyo ana msamiati wa cherehani unaotushinda sote humu. Kama mlango umeandikwa neno ambalo mgeni analijua kwa maana nyingine, mgeni atabaki nje, hata ukumbi uwe umepakwa rangi ya mamilioni.

Fundi Mchundo: Hapo nakubaliana nawe kabisa, maana maandishi ya kitufe ndiyo sehemu ya kwanza ya usanifu. Napendekeza "Rekebisha".

Bibi Mwandani: Kinachorekebishwa kimeharibika. Utamwambiaje mgeni kwamba makala niliyoiandika mimi ni mbovu kabla hajaisoma?

Mkutubi wa Kale: Niliuliza kuhusu dola milioni 160, na sasa tunagombania kitufe kimoja.

Mwalimu wa Jioni: Kwa sababu kitufe hicho ndicho kinachozaa makala unazozidai, Mkutubi. Alhamisi nitachora ukurasa ubaoni, nilifunike neno hilo kwa kipande cha karatasi, kisha kila kijana aandike mwenyewe neno ambalo lingemfanya abonyeze. Majibu nitayaleta hapa.

Mkutubi wa Kale: Vizuri. Karatasi hiyo iingie kwenye bajeti ya nani?