Meno mawili tu, nimpe nini ashike mwenyewe?

*Mama Arafa:* Asalaam aleykum wapendwa wangu. Naombeni ushauri maana nimechanganyikiwa. Arafa kaingia miezi 9 jumamosi, meno ni yale yale mawili ya chini, sasa uji hautaki kabisaa, kijiko kikija anafunga mdomo anageuza shingo, ila akituona sisi tunakula anarukia sahani kama hajala tangu juzi. Leo nikamchemshia karoti nikampa ashike mwenyewe, akaimega, mara akapaliwa, machozi yanamtoka, nikamnyanyua nikampiga mgongo huku nalia. Akaitema. Mikono inanitetemeka mpaka saa hizi

*Bibi Tanga:* Pole mwanangu. Mtoto mzima?

*Mama Arafa:* Mzima mama, anacheza na mwiko hapa

*Bibi Tanga:* Alhamdulillah

*Shangazi Kliniki:* Pole mama. Niambie kitu kimoja, alipopaliwa alikuwa anatoa sauti au kimya?

*Mama Arafa:* Sauti shangazi, anakohoa, kama anataka kutapika, uso mwekundu

*Shangazi Kliniki:* Basi huyo hakukabwa. Mtoto anayejifunza kula akisukuma chakula nyuma sana ulimi unakirudisha mbele, anakohoa, anajikamua, anatema. Ni kinga yake hiyo. Anayekohoa mwache akohoe, kaa nae karibu uso kwa uso usimshtue. Wa kuogopa ni yule aliyenyamaza, hakohoi, halii, midomo inabadilika rangi. Huyo mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, kikigoma mgeuze chali umbonyeze kwa vidole viwili katikati ya kifua chini kidogo ya usawa wa chuchu mara 5, unarudia hivyo hivyo huku mwingine anakimbilia usafiri. Na msitie kidole kooni kutafuta kitu msichokiona, mtakisukuma ndani zaidi. Baba Arafa na wewe soma hii tafadhali, na dada wa kazi asomewe

*Baba Arafa:* Nimesoma shangazi, nimeihifadhi

*Shangazi Kliniki:* Karoti ulichemsha muda gani?

*Mama Arafa:* Kama dakika tano, nilitaka isipondeke

*Shangazi Kliniki:* Hapo ndipo ilipoharibika. Tunataka ipondeke! Kabla hujampa chochote kibane kwa kidole gumba na cha shahada, kikisambaratika bila kutumia nguvu mpe, kikirudi umbo lake rudisha sufuriani. Meno yasikutishe. Mtie kidole mdomoni uone fizi zile zinavyobana. Haya ya mbele ni ya kumegea tu, magego yanayotafuna kwa wengi hayatoki mpaka mwaka na kitu, ukiyasubiri atakuwa anatembea bado ananyweshwa uji tu

*Bibi Tanga:* Sisi tulikuwa tunawatafunia. Wewe mama Arafa nyama yote uliyokula utotoni imepita kwanza mdomoni mwangu

*Shangazi Kliniki:* Najua wifi, na mlitulelea vizuri. Ila mate ya mkubwa yanampitishia mtoto vijidudu, hata vya kuozesha meno, kwahiyo siku hizi kazi hiyo tunaipa kinu na uma

*Bibi Tanga:* Sawa wifi nimekuelewa. Basi apewe boga. Boga lile la njano lililokomaa, mkate kipande kirefu ganda lake liwe na pa kushikia, maji kidogo, funika, likiiva tia kijiko cha tui. Chumvi hapana sukari hapana

*Mama Idi:* Wangu alianzia kwenye ndizi mbivu. Usiikate vile viduara, imenye halafu sukuma kidole kwenye ncha, inapasuka yenyewe mapande matatu marefu, anashika kimoja juu kinabaki cha kula. Parachichi nalo zuri ila linateleza vibaya mno, yeye alikuwa analia kwa hasira likimponyoka 😭

*Shangazi Kliniki:* Vizuri sana Mama Idi, urefu na unene wa kidole cha mkubwa. Akianza kuokota punje kwa vidole viwili ndio unakata vidogo. Na msiishie kwenye matunda, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapungua kuanzia miezi sita, mpeni samaki aliyetolewa miiba (pitisha vidole mara mbili kwenye mwanga), yai lililoiva kabisa, maharage yaliyopondwa, maini kidogo sio kila siku. Milo 3 mpaka 4 na ziwa liendelee

*Baba Arafa:* Na karanga za kuchemsha je? Nilitaka nimletee

*Shangazi Kliniki:* Hapana baba! Karanga nzima, bisi, pipi, muwa, zabibu nzima, hivyo ndivyo vinavyoziba koo. Karanga iliyosagwa laini changanya kidogo kwenye chakula, hiyo sawa, anza na kidogo umwangalie

*Bibi Tanga:* Na asali ya kikohozi nilitaka kutuma na basi

*Shangazi Kliniki:* Asali mpaka atimize mwaka wifi, hata kulambishwa. Inaweza kuwa na vijidudu tumbo lake haliviwezi bado, vinalegeza misuli mpaka pumzi inakuwa shida

*Bibi Tanga:* Subhanallah. Sitatuma

_Kesho yake_

*Mama Arafa:* Jamaniii. Nimemkalisha wima kabisa, kanga mbili mgongoni, mimi mbele yake simu mbali. Kipande cha kwanza cha boga kakiminya kikatokea katikati ya vidole, akashangaa, akalamba kiganja. Cha pili kakishika kwenye ganda kama bibi alivyosema, kakipeleka mdomoni, nikaona taya linakwenda taratibu, fizi zinafanya kazi! Kapaliwa mara moja, nikajikaza sikumgusa, kakohoa kameza, kaniangalia kacheka. Boga mpaka kwenye nyusi. Nimelia tena ila leo kwa furaha

*Shangazi Kliniki:* Mashaallah. Alichomeza kinatosha, kingine ziwa linajaza

*Baba Arafa:* Leo nimewahi kurudi, jioni namlisha mimi

*Bibi Tanga:* Mbegu za hilo boga usitupe, zioshe uanike, nikija nazipanda hapo nyuma ya jiko