Nilitoa taarifa ya choo kilichojaa, sasa mwenye nyumba ananilipizia kisasi: malalamiko yangu niyapeleke wapi?

Mpangaji wa Chuno

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mama wa watoto wawili na nimepanga chumba na sebule Chuno, hapa Mtwara mjini, katika nyumba yenye wapangaji wanne wanaotumia choo kimoja cha uani. Choo hicho kilijaa, tukamwambia mwenye nyumba mara tatu bila kupata jibu, na masika yalipoanza maji machafu yakawa yanafika mlangoni kwa jiko, ndipo nikaenda kutoa taarifa kwa afisa afya wa kata. Afisa alikuja, akakagua, akampa mwenye nyumba muda wa kukinyonya, naye akakinyonya.

Wiki iliyofuata alikata waya wa umeme unaoingia kwangu, kwangu peke yangu, ilhali mchango wangu wa LUKU nilikuwa nimeutoa. Kisha akaniambia kodi inapanda kutoka shilingi 60,000 hadi 90,000 kwa mwezi, wakati nililipa miezi sita na bado imebaki mitatu. Juzi amenipa siku saba za mdomo niwe nimehama. Wapangaji wenzangu hawajaguswa. Naomba kuelekezwa malalamiko ya namna hii yanaandikwaje na yanaanzia ofisi gani, maana nahofia kwamba nikilalamika tena nitakuwa nimemwongezea hasira.

Msaidizi wa Kisheria, Lindi

Pole sana, dada yangu. Hofu yako naielewa, kwa sababu wapangaji wengi ninaowahudumia hunyamaza kwa hofu hiyohiyo, kisha wanahamishwa bila hata karatasi moja ya kuonyesha walichotendewa.

Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo watu wamezoea kusema kwamba mpangaji hana pa kushika. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaweka ndani ya kila mkataba wa upangaji, hata kama mkataba wenyewe haukutamka, ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake atakaa kwa utulivu bila kuingiliwa, na kwamba pale nyumba inapopangishwa kwa sehemu, kama yenu, paa, kuta za nje, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote zitatunzwa na mwenye nyumba. Kwa upangaji unaojirudia kipindi hadi kipindi, notisi ya kuuvunja haiwezi kuwa fupi kuliko kipindi chenyewe cha kulipia kodi. Hata tukikihesabu kipindi chako kuwa mwezi mmoja tu, siku saba hazitoshi. Na wewe umeshalipia miezi mitatu iliyo mbele.

Sasa, katika kuandika, usianze na neno kisasi. Kisasi kimo moyoni mwa mtu, na ukikitanguliza, mwenye nyumba atajibu kwamba hakuwa na nia hiyo, nanyi mtabaki mnabishana juu ya nia. Andika matendo na tarehe: siku uliyotoa taarifa kwa afisa afya, siku aliyokuja kukagua, siku waya ulipokatwa, siku kodi ilipopandishwa, siku ulipoambiwa uhame. Eleza pia kwamba umeme wa wapangaji wengine watatu haukukatwa. Tarehe zikifuatana kwa ukaribu hivyo, anayesoma ataiona sababu mwenyewe. Omba kwa afisa afya nakala au uthibitisho wa maandishi wa ukaguzi wake, kwa kuwa hapo ndipo mfuatano wako unapoanzia.

Peleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Isipopatikana suluhu, nenda Baraza la Kata. Fahamu kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu tena katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hati hiyo.

Mzee wa Mikindani

Mimi nina nyumba ya kupangisha, na nasema haya nikijua upande wetu. Wengi wetu tunaamini kwamba nyumba ikiwa yako, waya na kufuli navyo ni vyako kuvitumia upendavyo, na msimu wa korosho ukifika, wageni wanapotafuta vyumba, tamaa ya kumtoa mpangaji wa zamani inakuwa kubwa. Hiyo haihalalishi alichotendewa mama huyu. Kodi iliyokwisha kupokelewa haipandishwi katikati.

Binti yangu, nakuuliza jambo moja: mkataba wenu umelipiwa ushuru wa stempu? Ni asilimia moja ya kodi ya mwaka, unalipwa TRA. Mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa usipokelewe kama ushahidi, nami nimeona watu wenye haki wakikwama hapo. Kama bado, kalipie sasa hata kama kuna adhabu ya kuchelewa.

Aliyepanga Mtanda

Naongeza yaliyonipata mimi Lindi. Mwenye nyumba wangu alifunga mlango kwa kufuli jipya vyombo vyangu vikiwa ndani, baada ya mimi kukataa ongezeko la kodi. Nilikwenda polisi nikaandikisha, nikapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yangu katika kitabu cha polisi. Polisi waliniambia wazi kwamba masuala ya upangaji ni ya baraza, lakini RB ile ilithibitisha tarehe. Baraza la Kata liliketi mara mbili, yeye hakufika hata mara moja, nasi tukapewa hati. Nilipofungua maombi Baraza la Ardhi na Nyumba niliomba papo hapo zuio la muda, ili asiingize mpangaji mwingine wakati shauri linaendelea. Nakusihi usilisahau ombi hilo, kwa sababu bila zuio unaweza kushinda shauri wakati chumba kina mtu mwingine.

Mpangaji wa Chuno

Nawashukuru sana. Mkataba ninao ila stempu haukulipiwa. Kesho naenda TRA, kisha kwa afisa afya. Limebaki moja: miezi yangu mitatu ikiisha na shauri bado liko barazani, nizuie kodi mpaka anirudishie umeme?

Msaidizi wa Kisheria, Lindi

Usiizuie, dada. Ukikaa na deni utakuwa umempa sababu halali ambayo leo hana, na malalamiko yako yote yatafunikwa na deni hilo. Lipa ile 60,000 ya mkataba, kwa njia ya simu ili ujumbe wa muamala ubaki. Akiirudisha, utunze pia ujumbe wa kurudishwa, kisha mwandikie barua ya mistari miwili kwamba kodi ulimtumia akaikataa, na nakala yake uiache kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo.