Tuta la mchanga mweusi Olduvai: mbona linahama bila kutawanyika?

Mwalimu wa Jiografia:
Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita nilipeleka kidato cha pili Ngorongoro, tukasimama kwenye lile tuta jeusi karibu na Bonde la Olduvai. Kijana mmoja akauliza: kama upepo unaweza kulihamisha tuta zima, mbona haulitawanyi? Nilimjibu ni sumaku iliyomo mchangani, lakini sina uhakika, na sipendi kumwachia mtoto jibu bovu.

Dereva Karatu:
Mwalimu, napeleka wageni pale mwaka wa 11 huu. Sumaku ipo kweli. Yale ni majivu ya volkano yenye chuma. Ila siyo inayolishikilia. Jangwa la pwani ya Peru lina matuta ya umbo hilohilo, na mchanga wake ni wa kawaida.

Siku ya upepo chuchumaa ubavuni mwake utazame. Upepo unatoka mashariki, na mgongo wa upande huo umelala. Chembe zinapanda zikirukaruka kama ufuta kikaangoni, nyingi hazifiki hata gotini. Zikivuka ukingo wa juu zinaangukia magharibi, ambako tuta lenyewe limekinga upepo. Hapo kazi ni ya uvutano wa dunia: mchanga unarundikana juu mpaka mteremko ufike nyuzi 34 hivi, kisha unaporomoka. Chembe iliyoporomoka inafukiwa na zinazofuata, inakaa gizani mpaka tuta zima lipite juu yake, ndipo upepo uikute tena mgongoni. Itatawanyikaje?

Pembeni mchanga ni haba, kwa hiyo ncha mbili zinatangulia. Ndiyo maana limejikunja kama mwezi mwandamo.

Mwalimu wa Jiografia:
Nashukuru sana, kaka. Kumbe nilimdanganya, Jumatatu nitamrekebisha. Na vile vigingi vyenye miaka?

Dereva Karatu:
Vinaonyesha lilipokuwa miaka hiyo. Linakwenda kama mita 17 kwa mwaka. Nakuomba tu, mkirudi wanafunzi wasilipande. Nyayo zinaporomosha ule uso wa magharibi kabla ya wakati wake, na kwa Wamaasai pale ni mahali patakatifu. Inaniuma kila nikiona mtu anateleza pale kwa ajili ya picha.

Huyo kijana mpe kopo la mchanga mkavu, aumwage polepole mezani. Kichuguu kitapanuka, lakini mteremko wake utagoma kusimama zaidi.