Wakala wa Dar katuletea Mbeya protini iliyokufa, hela hataki kurudisha

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kama unafanya kazi maabara ya utafiti nje ya Dar, iwe Iringa, Njombe, Songea, Sumbawanga au huku kwetu Mbeya, soma uzi huu hadi mwisho kabla hujamlipa wakala yeyote wa vitendanishi (kemikali na vimeng'enya vya kufanyia vipimo) hela ya mbele.

Tuliagiza protini inaitwa GRK2. Kichupa kidogo, mikrogramu 10, bei yake inazidi milioni moja kabla hujaweka usafiri. Kwa asiyejua hivi vitu anaweza kushangaa hela yote hiyo kwa kitu ambacho hata macho hayakioni, kwa hiyo nieleze kidogo ili mjue tunalia nini.

GRK2 ni kimeng'enya cha mwili wa binadamu, aina ya kinasi, yaani kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine, na kazi yake ni kuvidhibiti vipokezi, zile protini za seli zinazopokea ujumbe. Adrenalini ikifika kwenye seli ya moyo inashika kipokezi kilichopo kwenye utando wa seli, kipokezi kinaamka, moyo unadunda kwa nguvu. Hali hiyo haitakiwi kuendelea bila kikomo. Ndipo GRK2 inapokuja upande wa ndani wa seli, inachukua fosfati kutoka kwenye ATP, ile molekuli ya nishati ya seli, inaibandika kwenye kipokezi kilichoamka, halafu protini nyingine iitwayo arestini inashika pale pale na kipokezi kinanyamaza. Maabara ya Robert Lefkowitz kule Marekani ndiyo iliyokitambua kimeng'enya hiki mwaka 1986, na Lefkowitz mwenyewe pamoja na Brian Kobilka walipata Nobel ya kemia mwaka 2012 kwa kazi ya vipokezi vya jamii hii. Binadamu ana GRK saba, hii ni ya pili.

Kwa nini inatafutwa sana? Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umeanza kushindwa kazi, GRK2 huongezeka kwenye misuli ya moyo. Vipokezi vinanyamazishwa kupita kiasi, moyo unaitwa hauitiki. Kwa hiyo watafiti wanatafuta kemikali ya kukibana hiki kimeng'enya. Mwaka 2012 ilionekana kwamba paroksetini, dawa inayotumika kutibu sonona, inakibana GRK2. Kama dawa ya sonona inaweza, hatuoni kwa nini tusiangalie dondoo za mimea ya Rungwe na Makete ambayo wazee wetu wanaitumia miaka na miaka. Hiyo ndiyo kazi ya mdogo wangu mmoja hapa maabara, binti anayesoma shahada ya uzamili. Amekusanya majani na magamba ya miti, amekausha, amekamua dondoo, amezipanga kwenye friji kila moja na lebo yake. Kilichobaki ilikuwa kupata GRK2 nzima, inayofanya kazi, amwagie dondoo aone ipi inaikaba.

Sasa msikilize kilichotokea.

Wakala tukampata Dar. Profoma yake, ile ankara ya awali, ninayo hapa, imeandikwa bila kificho: mzigo utakuja na barafu kavu kutoka kiwandani hadi Mbeya, kipande cha Dar hadi Uwanja wa Songwe kwa ndege, na ndani ya boksi kutakuwa na kifaa cha kurekodi joto safari nzima. Usafiri wa ndege ulikuwa na mstari wake na bei yake. Tukalipa yote.

Mzigo ukaja kwa basi.

Hakuna aliyetupigia kabla. Nilipigiwa na kondakta kwamba kuna boksi langu, nikalichukue stendi ya Nane Nane. Kondakta simlaumu hata kidogo, yeye kapewa boksi kama anavyopewa viatu na spea za pikipiki, hakuna mtu aliyemwambia ndani kuna nini. Boksi lilisafiri kwenye buti zaidi ya kilomita 800. Waliowahi kupita Ruaha Mbuyuni saa saba mchana wanajua joto la pale. Ukishamaliza lile joto ndipo unapanda Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako, hadi unaingia Uyole ni usiku.

Barafu kavu haiyeyuki kuwa maji, inageuka hewa ya kaboni dioksidi moja kwa moja, kwenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Kwenye boksi la kawaida la povu unapoteza kilo 2 hadi 5 kwa siku kutegemea ukubwa na unene wa boksi. Kwa hiyo mzigo ukichelewa Dar lazima mtu afungue boksi aongeze. Sisi tulipofungua hatukukuta hata chembe. Tulikuta pakiti za jeli ya kupozea, zile za kubebea samaki na chanjo, zote zimelainika. Utepe wa mfuniko si wa kiwandani, mtu alishafungua akafunga upya. Kifaa cha kurekodi joto hakimo. Na kichupa chetu, ambacho karatasi yake imeandikwa kikae nyuzi 80 chini ya sifuri na kisigandishwe na kuyeyushwa mara kwa mara, kilikuwa kimiminika kinachocheza ukikitikisa.

Nikampigia wakala nikiwa bado na glavu mkononi. Jibu la kwanza, namnukuu: "Dokta, si Mbeya kuna baridi? Haiwezi kuharibika."

Jamani. Mbeya kuna baridi, ndiyo, mwezi wa saba tunavaa makoti mawili. Lakini baridi ya Mbeya usiku bado iko juu ya sifuri siku nyingi, na protini hii inataka nyuzi 80 chini ya hapo. Mtu anayeuza vimeng'enya kwa mamilioni kusema maneno hayo ni hatari, kwa sababu maana yake mizigo yote ya mikoa ya huku anaituma hivyo hivyo akiamini hali ya hewa itamalizia kazi yake.

Akaja na la pili: ndani kuna gliseroli, ambayo huzuia kuganda, kwa hiyo kuwa kimiminika ni kawaida. Karatasi ya bidhaa inasema gliseroli ni asilimia 25. Kwa kiwango hicho, kwenye nyuzi hasi 80 kinaganda kigumu kabisa. Kingekuwa kimefika salama tungekikuta jiwe.

Pamoja na hayo hatukukimbilia kugombana, tulipima kwanza. Tukatumia protini iitwayo tubulini, ambayo ndiyo karatasi yao wenyewe inaitaja kwamba GRK2 yao inaibandika fosfati. ATP mpya, magnesiamu, nyuzi 30. Kipimo kinaangalia ni kiasi gani cha ATP kimegeuzwa kuwa ADP, yaani ATP iliyokwisha kutoa fosfati yake. Vitundu vya sahani ya kipimo vyenye GRK2 yao vilitoa namba sawa na vitundu visivyo na kimeng'enya chochote. Na ili asije mtu akasema mashine yetu mbovu au hatujui kupima, tuliweka pembeni kinasi nyingine, PKA tuliyopewa na wenzetu, iliyokaa kwenye friza ile ile, ikatumia ATP ile ile, ikasomwa na mashine ile ile. Ilifanya kazi vizuri. Tatizo ni kichupa chao.

Tulipomtumia matokeo, akatujibu kwa barua pepe kwamba tukimbize jeli ya protini, kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa na kila moja kuonekana kama mstari, tukiuona mstari basi mzigo uko sawa na madai yamefungwa. Hapa ndipo niliposhindwa kuvumilia.

Kukimbiza jeli ya SDS unaanza kwa kuichemsha protini na SDS, ambayo ni aina ya sabuni. Mkunjo wote unafumuka, protini inabaki kamba. Iliyokuwa hai na iliyokuwa imekufa zikishapita hapo zinakuwa kitu kimoja, zinakimbia pamoja na kusimama pamoja. GRK2 ina asidi amino 689, uzito wake ni kama kilodaltoni 79. Yao imeunganishwa na kipande cha GST cha kusaidia kuisafisha, kama 26 hivi, kwa hiyo mstari unatakiwa usimame karibu na 105. Tukakimbiza, mstari ulikuwepo pale pale. Sijawahi kusema protini haimo. Nimesema haifanyi kazi, na kinasi inauzwa kwa kazi yake. Karatasi yao yenyewe inataja kiwango cha kazi kwa dakika kwa kila miligramu. Huku ni kumuuzia mkulima wa Mbarali mbegu zilizochemshwa, akilalamika hazioti unamletea mizani umwonyeshe kilo zimetimia.

Tulipomwonyesha hilo, akahamia kwenye hoja ya mwisho ambayo naona ndiyo alikuwa nayo tangu mwanzo: wajibu wao unaishia Dar. Mzigo ukishatoka ghalani kwao ni juu ya mteja. Nikamrudishia profoma yake, mstari wa usafiri wa ndege hadi Songwe, na risiti inayoonyesha tumeulipia. Tangu hapo simu inaita haipokelewi, meseji zina tiki mbili za bluu na hakuna jibu.

Kinachoniuma zaidi ni huyu binti. Dondoo zake zinazeeka. Fungu la fedha la utafiti wake lilikuwa na mstari mmoja wa kitendanishi hiki na umeshatumika. Ameanza kuuliza kama abadilishe mada. Mtu ametembea milimani na wazee akitafuta mimea, amejifunza kipimo ambacho ni wachache wanakijua huku kwetu, halafu anaambiwa abadilishe mada kwa sababu kuna mtu Dar aliona nauli ya ndege ni hela ya kubaki nayo.

Na niseme hili kwa wale wenye dhamana ya manunuzi kwenye taasisi zetu: mkataba wa kitendanishi cha baridi usio na sharti la rekodi ya joto hadi mlangoni mwa maabara hauna kazi. Tunalipa asilimia 100 kabla ya kuona boksi, kisha mpokea mizigo anasaini karatasi ya kupokea bila kufungua. Hapo umeshampa wakala silaha. Sisi tulikataa kusaini kabla ya kufungua, tukapiga picha kila hatua, na bado tunahangaishwa namna hii. Aliyesaini bila kufungua atapata nini?

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu, asanteni sana, ndaga fijo. Nijibu machache.

Mkuu aliyeuliza kwa nini tusiitengeneze wenyewe: swali zuri na natamani tufike huko. Ila GRK2 nzima kwa kawaida hutengenezwa kwenye seli za mdudu, zinaitwa Sf9. Hizo seli asili yake ni kiwavijeshi vamizi, huyu huyu aliyeingia Afrika 2016 na anayetafuna mahindi ya Mbozi kila msimu. Unachukua jeni ya binadamu, unaiweka kwenye kirusi cha wadudu, unaambukiza seli, zinakutengenezea protini, kisha unaisafisha. Zamani waliitoa kwenye ubongo wa ng'ombe, kazi ndefu na unapata kidogo. Seli zinataka kabati safi, chombo cha nyuzi 27 usiku na mchana, umeme usiokatika na mtu wa kuzilisha. Maabara yetu haina hivyo vyote kwa sasa.

Aliyesema tununue moja kwa moja kiwandani: viwanda vingi vinakuelekeza kwa wakala wao wa nchi. Ukilazimisha, wanakufikishia Dar, na wewe ndiye unakwenda kuutoa mzigo forodhani huku barafu inaisha. Kwa aliyeko Dar inawezekana. Kwa aliyeko Mbeya unahitaji mtu wa kusimama pale.

Aliyesema nimtaje wakala jina: sitamtaja hapa, suala limeshapelekwa kwa wanasheria wa taasisi. Mwenye maabara anayetaka kuagiza anifuate PM, nitamwonyesha profoma, picha za boksi na namba za kipimo, ajiamulie mwenyewe.

Na ninaomba msaada wa kweli kwenye jambo moja. Aliyewahi kupokea mzigo wa barafu kavu Songwe, aniambie alipitia nani na mzigo ulipokelewaje, kwa sababu barafu kavu kwenye ndege ni mzigo hatarishi, namba UN 1845, lazima itangazwe na boksi liwe na lebo na upenyo wa kutoa hewa. Inawezekana kabisa kuileta. Nataka kujua nani anaifanya kwa uaminifu.

Wewe wakala, najua humu unapita. Tunataka kichupa kipya, bachi nyingine, kije kwa ndege, kikiwa na barafu kavu na rekodi ya joto ndani ya boksi. Nauli ya ndege tulishakulipa.