Gitaa la jipsi jazi limeziba sauti na nyuzi ziko juu mno, nianzie wapi?

KijanaWaTemeke
Wakuu salama? Naombeni msaada manake nalala nawaza gitaa. Mwaka jana nilikuwa Ufaransa miezi sita kikazi, nikanunua gitaa la jipsi jazi (jazi ya jipsi wa Ulaya) la mtumba, sio la kampuni ya Selmer yenyewe, nakala tu, lile lenye tundu dogo la umbo la yai, shingo linakutana na mwili freti ya 14, uzi una urefu wa sm 67. Kule lilikuwa linalia kama kengele, ukipiga kodi moja (noti kadhaa kwa pamoja) mpaka jirani wa juu anajua. Nimerudi nalo Dar sasa miezi mitatu na sio gitaa lile tena. Nimepima na rula kwenye freti ya 12, uzi mnene uko juu mm 4.5 na mwembamba karibu mm 4, nikipiga nusu saa vidole vinawaka moto. Sauti imeziba, kama mtu anaimba kajifunika shuka. Halafu freti za juu zote zinapanda kuliko tyuni, na nikigusa uzi wa tano kuna kitu kule mkiani (pale nyuzi zinapofungwa mwishoni mwa mwili) kinakwaruza kama nyuki yuko ndani ya kopo.

Nililipeleka kwa fundi mmoja akatoa nyuzi zote kwa mpigo, daraja (kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya uso, ubao wa mbele) likadondoka, akashangaa sana, akasema gitaa bovu hili daraja halijashikwa na kitu, akaniwekea nyuzi nene, namba 12, za gitaa kavu la kawaida na anataka nirudi aligundishe daraja. Nimekataa kwanza. Nimekosea au? Na je nianze na lipi?

DadaWaLiège
Jambo kaka. Hujakosea, na tafadhali hata akikupigia simu usikubali hilo gundi. Daraja la hayo magitaa linakaa kwa kukandamizwa na nyuzi tu, kama la fidla. Yale masharubu mawili, vile vipande vya mbao vya pembeni, ndiyo yamegundishwa, kipande cha katikati kiko huru, ndivyo lilivyobuniwa na Mario Maccaferri alipowachorea Selmer mwaka 1932. Ukitaka kubadili nyuzi unabadili mmoja mmoja, unafungua mmoja unafunga mmoja, basi daraja halitoki.

Cha kwanza kabla ya msasa wala nini, toa hizo nyuzi. Hili gitaa linataka nyuzi za chuma zilizozungushiwa shaba iliyopakwa fedha, namba 10 au 11, wengi tunatumia Argentine za Savarez. Angalia tu kama mkia wako unataka nyuzi zenye kitanzi mwishoni au zenye kidonge, nyingine inakubali zote. Mi natumia 10. Zile namba 12 zina mvuto mkubwa na hapo uzi wako ni mrefu, sm 67, kwa hiyo zinavuta zaidi, shingo linapinda kuja mbele, uso nao unabanwa mpaka haupumui. Ndo maana sauti imejifunika shuka. Kumbuka gitaa hili lilitengenezwa kwa watu waliopiga bila ampli, bendi ya mpiga gitaa Django Reinhardt na mpiga fidla Stéphane Grappelli mwaka 1934 ilikuwa magitaa matatu, fidla na besi, hakuna ngoma hata moja, mgongo wa mdundo wote ni magitaa. Uso wake ni mwembamba na mwepesi, unataka uzi mwepesi.

Ukishabadili liache siku mbili tatu ndo upime tena.

SeremalaKeko
Dada kasema vizuri ila tatizo kubwa hapo ni unyevu. Gitaa limetoka Ulaya kwenye nyumba zenye hita limekuja Dar, mbao imekunywa maji, uso umevimba kwenda juu na umelibeba daraja pamoja na nyuzi. Nunua kile kipimo kidogo cha unyevu weka ndani ya kasha. Likitakiwa kukaa vizuri liwe kwenye asilimia 45 mpaka 55 hivi. Vipakiti vya silika vinasaidia lakini lazima uwe unavikausha, na gitaa likae ndani ya kasha likiwa limefungwa, sio kutundikwa ukutani, na usiliweke mbele ya eisii kabisa, leo limelowa kesho limekaushwa ghafla utapasua uso.

Angalia shingo kwanza. Bana uzi mnene freti ya 1 na freti ya 14 kwa pamoja, halafu tazama katikati pale freti ya 7, uwazi uwe kama unene wa karatasi moja au mbili. Ukiwa mkubwa kuna chuma ndani ya shingo, unakaza robo mzunguko, unasubiri, unaangalia tena. Usikaze kwa hasira.

Sasa daraja. Hesabu ni hii, ukishusha daraja mm 1 uzi unashuka nusu mm pale freti ya 12. Kwahiyo wewe kutoka 4.5 kwenda 3 unatakiwa ushushe daraja mm 3, hizo ni nyingi, ndo maana nasema badili nyuzi na kausha kwanza maana itashuka yenyewe kiasi fulani, usije ukakata daraja leo kiangazi kikifika nyuzi zikalala juu ya freti.

Na usikate la mwanzo. Lile lifunge kitambaa weka kwenye kasha, chonga la pili. Ukilitazama la kwako kwa chini utaona limechimbwa, lina uwazi kama mtumbwi uliopinduliwa, hiyo sio urembo, daraja zito linakula sauti. Chonga lako hivyohivyo. Miguu yake lazima ilale juu ya uso bila kuachia hata unywele, na uso wa hilo gitaa una tao, haujanyooka. Mi nafanya hivi, nabandika msasa namba 120 juu ya uso pale pale daraja linapokaa, upande wa mchanga ukiangalia juu, nabandika na selotepu ya karatasi ile ya wapaka rangi ising'oe vanishi, halafu nalisugua daraja mbele nyuma taratibu likiwa limesimama wima, baadae namba 220. Paka chaki juu ya uso kisha weka daraja ulinyanyue, miguu ikitoka nyeupe yote umemaliza, ikitoka nyeupe kidogo kidogo endelea. Jioni nzima hiyo, usikimbie.

Kule kukwaruza mkiani kata kipande cha ngozi laini ukipenyeze kati ya mkia na uso. Kingine kisuke kati ya nyuzi nyuma ya daraja, zile sehemu fupi huwa zinaitikia zenyewe. Nusu ya nyuki utakuwa umemfukuza.

KijanaWaTemeke
Daah asanteni sana, sikujua kama daraja lina uwazi ndani, nimelipindua kweli nimekuta hivyo! Fundi swali, nikichonga kwa mpingo? Nina kipande nimepewa na babu Kilwa.

SeremalaKeko
Mpingo mzuri ila mzito, ukiutumia chimba chini mpaka ubaki mwepesi mkononi. Ni mti unaolia, klarineti za Ulaya wanachonga kwa mpingo wa kwetu na wa Msumbiji, na Selmer haohao klarineti zilikuwa kazi yao.

DadaWaLiège
Mi kwa mpingo sikubaliani kabisa kwa gitaa lililoziba tayari. Ningechonga mti mwepesi zaidi kwanza nisikie, mpingo ungebaki kwa kuunga kile kijisehemu cha juu nyuzi zinapopita. Ila sikio ni lako kaka.

UdiUnguja
Assalaam aleikum. Mimi ni mpigaji udi, miaka mingi kwenye taarab, gitaa hilo nimelishika mara chache tu, lakini skizeni, mbona hakuna aliyemuuliza kijana mkono wake wa kulia? Mwanangu, hawa Wasinti na Wamanushi, jipsi wenye muziki huu, mkono wao wanaupinda kifundoni kama sie wa udi, haulali juu ya uso. Ukiupumzisha mkono juu ya uso umeliziba wewe mwenyewe. Na risha inapiga uzi kwenda chini mpaka inaegemea uzi wa chini yake, hapo inapumzika, ndio inanyanyuka. Kila ukihamia uzi mwingine unaanza kwa kupiga chini. Nguvu inatoka kwenye uzito wa mkono unaoanguka, sio kwa kukamata.

Halafu risha yako ina unene gani? Ikiwa ni ile laini ya duka la gitaa basi hata ukichonga daraja la dhahabu litalia kibati. Wanatumia mm 3 na zaidi. Zamani huko kwao na huku kwetu watu walipenda ganda la ng'amba, hilo marufuku na ni haki liwe marufuku, ng'amba wanaisha. Chukua pembe ya ng'ombe, kata, ilainishe kingo kwa msasa mpaka ing'ae, ncha iwe ya mviringo, isikwaruze. Mimi yangu ni pembe.

KijanaWaTemeke
Waleikum salaam, shikamoo mzee wangu. Ni kweli nilikuwa nalaza kiganja chote na risha ni mm 0.7. Ngoja nikafanye niwaletee majibu.

KijanaWaTemeke
Nimerudi baada ya wiki tano. Nyuzi nimeagiza kwa jamaa aliyekuwa anatoka Paris, Argentine namba 10. Nilipozifunga tu na kuweka silika ndani ya kasha, kipimo kilitoka 78 mpaka 56 ndani ya wiki mbili na uzi mnene ukashuka kutoka 4.5 hadi 3.8 sijagusa kitu kingine. Shingo nikakaza robo, 3.5. Daraja la pili nimechonga kwa mninga, nimeharibu mawili, la tatu miguu imetoka nyeupe yote, sasa niko mm 3 kwa uzi mnene na 2.5 kwa mwembamba. Kabla ya kukaza nyuzi nilipima kutoka freti sifuri hadi ya 12, sm 33.5, nikasimamisha daraja sm 33.5 na mm chache kutoka hapo, halafu nikawa nalinganisha harmoniki (sauti ya uzi ukiguswa tu bila kubanwa) ya freti ya 12 na noti yenyewe, ikipanda narudisha daraja nyuma kidogo, ikishuka nalisogeza mbele. Upande wa nyuzi nene umebaki nyuma kidogo kuliko mwingine na sasa tyuni imekaa mpaka freti ya 15.

Nyuki kaondoka, ilikuwa ni mkia kweli.

Ila mzee wa udi ndo kanimaliza. Nimetengeneza risha ya pembe, naipiga mbele ya kioo kiganja hakigusi kitu, wiki ya kwanza nilikuwa nakosa nyuzi hovyo, jana usiku nimepiga pompe, ule mdundo wao, kwa kodi ya A ndogo ya sita barazani, mama akatoka ndani akauliza umenunua spika? Mzee naomba kuuliza, kile kidole kidogo ukipiga udi unakikunja au unakiacha wazi? Changu kinajikaza chenyewe baada ya dakika kumi.

UdiUnguja
Kiache kining'inie, mwanangu. Kikikaza acha kupiga, tikisa mkono, anza tena taratibu kwa uzi mmoja.