MREJESHO: Nani alimuua Mfalme Sauli?

Bwana asifiwe wapendwa. Niliuliza hapa kwa nini 1 Samweli 31 inasema Sauli aliuangukia upanga wake mwenyewe, ilhali katika 2 Samweli 1 Mwamaleki (mtu wa kabila la Amaleki) anadai ndiye aliyemmaliza. Asanteni sana kwa majibu.

Nilifuata ushauri wa aliyesema nitazame kwanza nani anasimulia. Jumapili tulisoma sura zote mbili kwa sauti, jambo likafunguka: ya kwanza ni maneno ya msimulizi, ya pili ni ya mtu aliyempelekea Daudi taji na kikuku cha marehemu. Na 2 Samweli 4:10 Daudi anasema wazi kwamba yule alidhani analeta habari njema. Kumbe alikuwa mbele ya mtu aliyekuwa amekataa mara mbili kumgusa masihi wa Bwana, yaani Sauli, mfalme aliyepakwa mafuta! Pale nilinyamaza kwa muda.

Swali langu la pili bado. Katika 1 Samweli 16 Daudi anampigia Sauli kinubi, kisha 17:55 Sauli anauliza kijana huyu ni mwana wa nani, kana kwamba hamjui. Jibu kwamba aliulizia nyumba ya baba, kwa sababu ya ile ahadi ya 17:25 kwamba nyumba ya baba wa atakayemuua Goliathi itakuwa huru, limenisaidia nusu. Wenzangu wawili hawakulikubali. Naendelea kusoma.